Sikio Hutangulia Ulimi

Muhula uliopita nilizuru shule moja ya msingi, si mbali na nilikozaliwa, ili kuwatahini wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Niliketi nyuma ya darasa juu ya kiti kifupi kilichoyaadhibu magoti yangu, daftari la alama mapajani. Somo lilikuwa Kiswahili na darasa lilikuwa Gredi ya Pili. Mwalimu mwanafunzi, kijana mchangamfu aliyeandaa zana zake vizuri, alimwinua msichana mmoja asome sentensi iliyokuwa ubaoni. Mtoto akasoma, "Mama anakura wari." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, kisha akamwambia arudie. Akarudia vile vile. Mara ya tatu mwalimu akalitamka neno kwa sauti kubwa, "Ku-la! Ku-la!" Mtoto akaitikia kwa sauti kubwa vile vile, kwa bidii yake yote, "Ku-ra! Ku-ra!"

Nilimtazama usoni nikaona jambo ambalo kijana yule, aliyekuwa ameuelekea ubao, hakuliona. Mtoto hakuwa mkaidi wala mzembe. Aliamini kwamba amesema sawasawa na alivyoambiwa, na hakuelewa wenzake walikuwa wakicheka nini.

Nilimwelewa kwa sababu mwaka wa 1987, katika darasa la kwanza la shule nyingine ya wilaya iyo hiyo ya Nyeri, mtoto huyo nilikuwa mimi. Mwalimu wangu hakuwa na tabasamu. Aliamini kwamba ulimi mzito hulainishwa kwa fimbo, na mara kwa mara alinisimamisha mbele ya wenzangu nitamke "lala", "leo", "kula", hadi kengele ilipogongwa. (Wenzangu walionicheka nao walisema "rara" mara tu walipofika uwanjani, lakini hilo halikunifariji wakati huo.) Matokeo yake ni kwamba kwa miaka miwili nilinyamaza katika vipindi vya Kiswahili. Nyumbani kwetu tulisema Kikuyu, na Kikuyu hakitofautishi l na r. Kina sauti moja tu mahali ambapo Kiswahili kina mbili. Tangu utotoni hakuna mtu aliyenihitaji nizitenge sauti hizo ndipo nipewe uji. Kosa langu, kwa hiyo, halikuwa la kusema tu. Nilikuwa sisikii.

Leo nafundisha isimu, na uwanja wangu hasa ni matamshi. Mimi si daktari wa neva. Hata hivyo, mtu anayechunguza lugha hawezi siku hizi kuupita ubongo kama apitaye mlango wa jirani bila kubisha hodi, na yale yaliyogunduliwa humo katika miaka hamsini iliyopita yanamhusu mwalimu wa Gredi ya Pili kuliko yanavyomhusu profesa.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva, yaani niuroni, zipatazo bilioni 86. Seli hizo hazikuunganishwa kama nyaya zilizofungwa fundo. Kwa kawaida, baina ya moja na nyingine pana mwanya wa nanomita 20 hivi, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 50,000. Msukumo wa umeme ukifika ukingoni mwa mwanya huo, seli humwaga kemikali, nazo kemikali huvuka na kuiamsha, au kuituliza, seli ya ng'ambo. Kivuko hicho ndicho kiitwacho sinapsi, na seli moja yaweza kuwa na maelfu ya vivuko vya aina hiyo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 1906, ndiye aliyeshikilia kwamba kila seli husimama peke yake, wakati ambapo wengi walidhani ubongo ni wavu mmoja usiokatika.

Jina lenyewe lilibuniwa mwaka wa 1897, na hapa mwanaisimu ana haki ya kutabasamu. Charles Sherrington wa Uingereza, aliyekuwa akiandika sura ya kitabu cha fiziolojia, alikuwa ameazimia kutumia neno jingine. Aliyemwelekeza ni Verrall, msomi wa tamthilia za Kigiriki za kale, ambaye alipendekeza neno litokanalo na kitenzi chenye maana ya kushikana. Sisi nasi tumelikopa, tukalitia katika ngeli ya I-ZI, na halijalalamika.

Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya seli hizo za neva tayari zipo. Zilizopungua ni sinapsi. Basi katika miezi ya kwanza sinapsi huchipuka kwa wingi usiokuwa na kiasi, kupita kabisa zinazohitajika. Peter Huttenlocher, daktari wa neva za watoto katika Chuo Kikuu cha Chicago, alizihesabu kwa hadubini ya elektroni katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa wa umri mbalimbali. Mwaka wa 1979 alitangaza kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alikuwa na msongamano wa sinapsi uliozidi wa mtu mzima kwa takriban asilimia 50. Mwaka wa 1997, yeye na mwenzake Dabholkar walionyesha kwamba sehemu za ubongo hazipandi wala kushuka pamoja. Sehemu ya kusikia hufika kileleni mtoto akiwa na miezi mitatu hivi. Ile ya mbele, inayohusika na kupanga mambo na kujizuia, huchelewa sana, na upunguzaji wake huendelea katika ujana. Utafiti wa Petanjek na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2011, uliuona upunguzaji huo ukiendelea hata baada ya umri wa miaka 20. Walimu wa shule za upili wanaostaajabia vituko vya vijana wao wanaweza kulitafakari hilo.

Tumezoea kudhani kwamba kukua ni kuongezeka: kimo, maneno, alama. Kumbe ubongo, baada ya kujijaza, hukua pia kwa kupoteza. Yeyote aliyelelewa katika shamba la kahawa atauelewa upesi utaratibu huu. Marehemu babu yangu hakuacha kila chipukizi la mkahawa likue apendavyo Mungu. Alipogoa, na sisi wajukuu tulipomlilia matawi mabichi yaliyoanguka alituonyesha mkahawa wa jirani uliogeuka kichaka, wenye majani tele na buni kiduchu. Lakini mfano huu una kasoro moja kubwa. Babu alichagua. Ndani ya ubongo hakuna babu.

Kinachochagua ni matumizi. Mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alieleza mwaka wa 1949 kwamba seli moja ikishiriki tena na tena katika kuiamsha nyingine, kiungo baina yao huimarika. Yalikuwa mawazo tu hadi mwaka wa 1973, Tim Bliss na Terje Lømo walipochapisha majaribio yao juu ya ubongo wa sungura: viungo vilivyochochewa mfululizo kwa muda mfupi vilibaki na nguvu iliyoongezeka kwa saa kadhaa. Kwa upande wa pili, kiungo kisichotumika hudhoofika. Na vinavyodhoofika haviachwi vining'inie. Mwaka wa 2012 Beth Stevens na wenzake walionyesha katika panya kwamba seli ziitwazo mikroglia, ambazo hapo awali zilijulikana hasa kwa kazi ya kulinda na kusafisha, huzimeza sinapsi katika njia ya macho, na hupendelea kuzimeza zile zenye shughuli kidogo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka kwa paka. David Hubel na Torsten Wiesel, waliotuzwa Nobel mwaka wa 1981, walifumba jicho moja la paka mchanga kwa muda, kisha wakalifumbua. Jicho lilikuwa zima. Lakini ubongo haukulitambua tena, kwani viungo vya jicho lililobaki wazi vilikuwa vimetwaa karibu nafasi yote. Paka mzima aliyefanyiwa hivyo hakupatwa na hasara hiyo. Ni kwa sababu ya utaratibu huo huo madaktari wa macho huhimiza kwamba mtoto mwenye mtoto wa jicho au makengeza apelekwe kutibiwa mapema.

Sasa turudi kwenye l na r.

Mwaka wa 1984 Janet Werker na Richard Tees, wakiwa Kanada, walichapisha jaribio ambalo nalisimulia kila mwaka kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na kila mwaka kuna asiyeliamini. Waliwachukua watoto wachanga wa nyumba zinazosema Kiingereza, wakawasikilizisha sauti mbili za t za Kihindi ambazo mtu mzima Mwingereza huziona ni moja, na pia sauti mbili za lugha ya wenyeji wa Kanada magharibi, Kinthlakampx. Mtoto alifundishwa kugeuza kichwa sauti ilipobadilika, na akipatia, mwanasesere aliwaka taa na kucheza. Watoto wa miezi sita hadi minane waligeuka bila taabu. Wa miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi wao hawakugeuka. Wenzao wa umri huo waliolelewa kwa lugha zenyewe waliendelea kugeuka.

Patricia Kuhl na wenzake walilipima jambo hilo kwa l na r hasa, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2006. Katika miezi sita hadi minane, watoto wa Kijapani na wa Kimarekani walizitofautisha sauti hizo kwa kiwango kimoja. Kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili, Wamarekani walikuwa wamepanda na Wajapani wameshuka. Msomaji atakumbuka kwamba Kijapani, kama Kikuyu, hakitengi sauti hizo mbili.

Hapa sharti nitahadhari, maana katika mambo ya ubongo maneno makubwa huuzwa kwa bei nafuu. Werker hakuhesabu sinapsi, na Huttenlocher hakusikiliza matamshi. Hakuna aliyechungulia kichwani mwa mtoto aliye hai akaona kivuko cha l kikimezwa. Tulicho nacho ni mambo mawili yanayotukia katika msimu mmoja wa maisha na kwa kanuni moja ya matumizi, na wataalamu wanaona kwamba la kwanza linasaidia kulieleza la pili. Tahadhari hii ni kinga pia dhidi ya wale wanaowatisha wazazi kwamba mtoto asiponunuliwa vifaa fulani kabla ya kutimiza miaka mitatu, basi akili yake imekwisha fungwa kufuli.

Wazazi hao waambiwe kuhusu jaribio jingine la Kuhl, la mwaka wa 2003. Watoto wa Kimarekani wenye miezi tisa waliketi mara kumi na mbili, dakika 25 kila mara, pamoja na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarin. Baadaye walizitambua sauti za Kichina ambazo watoto wenzao wa Kimarekani walikuwa wakizipoteza. Kundi jingine lilipewa watu wale wale, maneno yale yale, muda ule ule, ila katika runinga. Halikujifunza kitu. Nimezuru nyumba za wasomi, hata za wenzangu wahadhiri, ambako mtoto mchanga amekabidhiwa simu yenye katuni za Kiingereza "ili azoee lugha", huku yaya, ambaye ana lugha mbili kamili kinywani, ameagizwa asimzungumzie mtoto kwa lugha yoyote kati ya hizo. Huko ni kumwaga maziwa na kumpa mtoto picha ya ng'ombe.

Nasisitiza jambo moja linalosahauliwa na wanaowacheka watoto. Sikio lisilotenga l na r si sikio bovu. Lilifanya kazi yake barabara: lilisikiliza lugha iliyolizunguka, likatunza tofauti zilizohitajika na kuziachilia zisizohitajika. Ndivyo lilivyofanya pia sikio la mtoto wa Kijaluo anayesema "samba" badala ya "shamba". Mtoto aliyelelewa kwa lugha mbili tangu mwanzo huzitunza tofauti za zote mbili. Hakuna kilichomzuia mwenzake ila kutozisikia.

Na mimi mwenye shahada ya uzamifu katika mambo haya nililipata somo langu mwaka wa 2009, Mombasa, nilipokuwa nikikusanya data. Nilipanga chumba Mji wa Kale kwa bibi mmoja mkarimu aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Kimvita kina tofauti ambayo maandishi yetu sanifu hayaionyeshi: "kaa", lile la moto, hutamkwa kavu, ilhali "k'aa", yule wa baharini, hutamkwa kwa pumzi inayofuata k. Kadhalika "paa" la nyumba na "p'aa" wa porini. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni na kuyaandika katika mitihani. Jioni moja bibi akanitamkia maneno hayo, moja moja, nimwambie ni lipi. Nilikisia, na nikakosa zaidi ya nilivyopata. Mjukuu wake wa miaka mitano, aliyekuwa akimenya viazi pale upenuni, alicheka hadi akakiangusha kisu. "Nyanya, huyu maalim hasikii?" akauliza. Bibi akamkemea, "Nyamaza wee, mgeni hachekwi." Niliona haya zile zile za mwaka wa 1987, ila safari hii nilijua jina la ugonjwa wangu na nilijua kwamba una tiba.

Tiba hiyo nayo ina historia. Mwaka wa 1991 Logan, Lively na Pisoni, wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, waliripoti jinsi walivyowafunza Wajapani wazima kusikia l na r za Kiingereza. Hawakuwarudishia neno moja mara mia. Waliwasikilizisha jozi nyingi za maneno, zilizosemwa na watu tofauti tofauti, na kila mara wakawaambia kama wamepatia au wamekosa. Walisonga mbele. Lively na wenzake waliongeza mwaka wa 1993 kwamba waliofunzwa kwa sauti ya mtu mmoja tu walijifunza kumsikia huyo mmoja. Mbele ya msemaji mgeni walikwama. Kisha Bradlow na wenzake, mwaka wa 1997, wakaona jambo linalonipendeza kuliko yote: watu waliofunzwa kusikiliza tu, bila kufunzwa kutamka hata mara moja, matamshi yao pia yalikuwa bora. Maendeleo hayo yalikuwa yangalipo miezi mitatu baadaye. Sinapsi, basi, haziwi mawe mtu anapokuwa mkubwa. Zinadai kazi zaidi, na kazi ya namna mahususi.

Sikumpa kijana wangu alama mbaya. Baada ya kipindi tulisimama nje ya darasa, nikamwambia niliyoyaona. Alisikitika, maana alikuwa mwalimu mwema. "Sasa nifanyeje, Daktari?" aliniuliza. "Nikimwacha, watamcheka hadi kidato cha nne."

Nilimwambia amwache ulimi kwa muda, alishughulikie sikio. Aandike jozi kumi: kula na kura, hali na hari, mahali na mahari, na kadhalika. Asizisome peke yake, kwani watoto watamzoea yeye. Awaombe mpishi, karani, mwalimu mkuu na yule mlinzi wa shule aliyetoka Kilifi wamtamkie katika simu yake. Watoto wasikilize wakiwa wamefumba macho, wainue mkono wa kulia kwa l na wa kushoto kwa r, waambiwe papo hapo kama wamepatia, na asiwepo wa kutamka lolote mbele ya darasa hadi majuma mawili yapite. Alilalamika kwamba ratiba haina nafasi. Nikamjibu kwamba dakika tano zilizotumika kwa "ku-la, ku-la" nazo hazikuwa katika ratiba.

Nilirudi baada ya majuma matatu kwa ukaguzi wa pili. Somo lilikuwa jingine kabisa, lakini kijana alitenga dakika chache ili nishuhudie. Yule msichana, macho amefumba, alipata tisa katika kumi kwa sauti ya mpishi. Kwa sauti ya mlinzi, ambayo ilikuwa mpya kwake siku hiyo, alipata saba. Kisha mwalimu akamwomba, kwa upole, asome sentensi ya ubaoni: "Hapa ni mahali pa kuchezea." Akasoma, "Hapa ni mahari..." Akasita. Hakuna aliyecheka, wala aliyemsahihisha. Akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali, akaanza upya.